Dar hadi Moshi na watoto wadogo garini: mwongozo kamili wa safari ya kutwa nzima

Mara ya kwanza tulipokwenda Moshi kwa gari letu wenyewe, mkubwa alikuwa na miaka mitatu na mdogo miezi minane. Baba watoto alitaka tufike kabla ya giza, kwa hiyo Chalinze hatukusimama, Msata hatukusimama, na Segera tulinunua machungwa kupitia dirishani tukaendelea. Tulipokaribia Korogwe mkubwa akasema, "Mama, tumbo." Kabla sijageuka alikuwa ameshatapika, kwenye nguo zake, kwenye mkanda na kwenye mguu wa mdogo wake. Nguo za kubadilisha zilikuwa kwenye buti, chini ya mabegi mawili na kiroba cha mchele wa bibi yao. Tukashusha mzigo wote kando ya barabara kwenye jua la saa sita, mtoto mmoja analia uchi, mwingine analia kwa njaa, malori yanapita yanatutikisa. Niliogopa sana pale. Si kwa sababu ya matapishi, bali kwa sababu nilikuwa na watoto wawili wadogo hatua tatu kutoka kwenye lami.

Tangu mwaka ule njia hii tunaipita kila Desemba, na sasa watoto ni watatu. Nimejifunza kwamba anayepanga safari ni tumbo, kibofu na usingizi wa mtoto aliye mdogo kuliko wote. Dereva anafuata. Mtachelewa saa mbili, hata tatu, na mtafika wazima. Haya yafuatayo ndiyo tunayoyafanya, hatua kwa hatua. Nimeandika kwa kufuata njia ya Dar kwenda Moshi kwa sababu ndiyo ninayoijua kona kwa kona, lakini anayekwenda Mbeya, Mwanza au Songea atabadilisha majina ya miji tu.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya kweli ya muda

Dar hadi Moshi ni kilomita 550 hivi. Ukisikia mtu anasema ametumia saa sita, ujue alikimbia kupita sheria au hakuwa na mtoto. Barabara inapita vijijini mfululizo, na kila kijiji kina kibao cha 50 na mara nyingi trafiki mwenye tochi mbele yake. Kuna matuta, kuna malori yanayopanda mlima kwa mwendo wa kinyonga, na mwezi wa kumi na mbili kuna magari ya nusu ya Dar yanayorudi nyumbani siku zilezile. Weka wastani wa kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni saa tisa za kuendesha. Ongeza saa mbili na nusu za kusimama: jumla saa kumi na moja na nusu. Ukiondoka saa kumi na nusu alfajiri utafika saa kumi jioni, na bado una saa mbili za mwanga mkononi jambo lolote likitokea.

Mwanga huo ni wa thamani. Usiku kwenye njia kuu kuna malori mabovu yaliyoegeshwa bila taa, na onyo pekee ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani. Ukiyaona matawi hayo, mchana au usiku, punguza mwendo papo hapo. Kama hesabu yako inaonyesha mtafika baada ya giza, gawanyeni safari mara mbili mkalale Korogwe au Mombo, karibu nusu ya njia. Watu wengi husema ni gharama. Kwa familia yenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mimi nasema hiyo ndiyo safari yenyewe. Ila msikubali kushawishika kupanda kulala Lushoto kama mna mtoto anayetapika. Kutoka Mombo ni kilomita zaidi ya 30 za kona tupu.

Chagueni siku pia. Kuanzia tarehe 20 Desemba barabara inafurika. Sisi huondoka tarehe 17 au 18, shule zikiwa zimeshafungwa, hata ikibidi baba watoto atufuate baadaye.

Hatua ya pili: kila mtoto na kiti chake

Hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu ndipo tunapokosea wengi kwa upendo kabisa. Tunampakata mtoto tukiamini mikono ya mama ndiyo salama kuliko vyote. Gari likigonga kitu likiwa kwenye mwendo wa 50, likasimama ghafla, mtoto wa kilo 10 anavutwa mbele kwa nguvu ya kama kilo 200. Hakuna mama mwenye mikono ya kuzuia kilo 200. Na ukifunga mkanda mmoja ukawazungusha wewe na mtoto pamoja, mwili wako ndio utakaomkandamiza yeye kwenye mkanda.

Mtoto mchanga hadi angalau umri wa mwaka mmoja na zaidi akae kwenye kiti cha kutazama nyuma, kiti cha nyuma cha gari. Kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na mwili wake na shingo yake bado laini. Akitazama nyuma, nguvu ya kugonga inasambaa mgongoni badala ya kuivuta shingo. Endelea kumgeuza nyuma kwa kadiri kiti chake kinavyoruhusu uzito na urefu. Kiti hicho usikiweke kamwe mbele kwenye siti yenye mfuko wa hewa: mfuko ule ukifumuka unakipiga kiti kwa nyuma, pale kilipo kichwa cha mtoto.

Anayefuata anakaa kwenye kiti cha kutazama mbele chenye mikanda yake mitano. Mkubwa, kuanzia kilo 15 hivi na kuendelea, anakalia kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari umkae vizuri. Huyu mpime kwa macho: mkanda upite katikati ya bega, usimguse shingoni, na sehemu ya chini ilale kwenye nyonga, isipande tumboni. Mto wa kitandani haufai kumwinua. Breki ikikamatwa unateleza, na mtoto anapita chini ya mkanda.

Ukishamfunga mtoto mikanda ya kiti chake, jaribu kuubana utepe begani kwa vidole viwili. Ukiweza kuukunja, umelegea. Vazi zito la baridi livuliwe kwanza, umfunike kwa khanga juu ya mikanda. Kisha shika kiti pale mkanda wa gari unapopita, ukisukume kushoto na kulia. Kikicheza sana hakijafungwa sawasawa.

Viti vya mtumba vipo vingi na bei yake ni nafuu. Kabla ya kununua, pindua kiti chini utafute tarehe ya mwisho iliyochongwa kwenye plastiki, kagua nyufa, vuta mikanda yote, na muulize muuzaji kama kiliwahi kuwa kwenye gari lililopata ajali. Asipojua historia yake, kiache. Kuazima kwa ndugu unayemwamini ni bora zaidi, na Desemba kuna viti vingi vimelala Dar kwa sababu wenyewe hawasafiri.

Jambo la mwisho hapa ni gumu kuliko mengine: ndugu. Simu huanza kuja wiki mbili kabla. "Mwanangu, nasikia mnapanda. Si mtanibeba? Nitampakata mtoto." Ni shangazi yako, na hukulelewa kumjibu hapana. Mimi humwambia hivi: "Shikamoo shangazi. Gari lina mikanda mitano na sisi tuko watano. Nimekukatia tiketi ya basi ya siku hiyohiyo, tutakupokea stendi Moshi." Tiketi ile huiweka kwenye bajeti tangu Oktoba. Heshima imebaki, na kila mtoto amebaki na mkanda wake.

Hatua ya tatu: gari

Wiki moja kabla lipeleke kwa fundi mnayemwamini: breki, tairi pamoja na la akiba, maji ya rejeta, betri, taa zote, mipira ya waipa, gesi ya AC. Hakikisha jeki na spana ya tairi vipo, pembetatu mbili za kuakisi mwanga zipo, kizima moto hakijapita muda. Kwenye ukingo wa milango ya nyuma kuna kidude kidogo kinachozuia mlango usifunguliwe kutoka ndani. Kisogeze, kisha kaa wewe mwenyewe nyuma ujaribu kufungua.

Hatua ya nne: pakia kwa kufuata utakachohitaji kwanza

Mzigo uwe wa tabaka tatu. La kwanza ni la buti chini: mabegi, zawadi, mchele, kila kitu ambacho hutakigusa hadi Moshi. La pili ni la buti juu, karibu na mlango wake: begi moja la nguo za siku, poti, ndoo ndogo, lita tano za maji ya kunawa. La tatu ni begi la miguuni pako, nalo ndilo litakalokuokoa. Mama au mtu mzima mwingine akae nyuma na watoto kama kuna nafasi yenye mkanda, na kama haipo akae mbele, begi hili likiwa kati ya miguu yake.

Langu lina haya: seti moja kamili ya nguo kwa kila mtoto, kila seti imefungwa ndani ya khanga yake na kukazwa fundo; pampasi sita; taulo ndogo mbili zilizoloweshwa, ndani ya kopo; karatasi ya chooni; sabuni; kadi za kliniki na za bima; dawa ya homa ya watoto pamoja na kipimo alichoniandikia mfamasia kulingana na uzito wa kila mtoto; pakiti mbili za ORS; sarafu za vyoo vya njiani. Na makopo mawili ya aiskrimu, ya lita mbili, yenye mfuniko.

Makopo hayo ni ya kutapikia. Zamani tulitumia mifuko ya rambo, lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli kopo ni bora kuliko mfuko. Mdomo wake ni mpana, mtoto analishika mwenyewe kwa mikono miwili, halimwagiki, na ukishalifunga harufu inabaki ndani hadi mtakaposimama. Weka karatasi ya chooni chini yake ili kilichomo kisichezecheze.

Usiweke kitu kigumu kwenye ubao wa nyuma ya vichwa vya watoto. Chupa ya chai, tableti, kopo la maziwa, vyote vinaruka breki ikikamatwa. Khanga zenyewe bebeni nyingi kuliko mnavyodhani. Moja ni pazia, moja ni shuka, moja ni ya kumkinga mtoto anapojisaidia, moja ni taulo.

Hatua ya tano: chakula

Jioni ya kuamkia safari wapikie chakula chepesi walichozoea. Alfajiri usiwalazimishe kula. Maji kidogo yanatosha, wanarudi kulala.

Kwa njiani, chakula kikavu, kisicho na mafuta mengi wala harufu kali: mkate mkavu, viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa vipande, ndizi mbivu, chapati iliyokaushwa vizuri, biskuti zisizo na krimu. Mayai ya kuchemsha ni mazuri lakini yaleni mkiwa mmesimama, nje ya gari, kwa sababu harufu yake kwenye gari lililofungwa inaweza kuwaamsha matumbo hata waliokuwa wazima. Soda na juisi za boksi ziwe za jioni. Karanga, pipi ngumu, mahindi ya kuchoma na zabibu nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano gari likiwa kwenye mwendo. Akipaliwa wakati gari linatikisika, humwoni mapema na humfikii upesi.

Maji wanywe kidogokidogo, mara kwa mara. Wazazi wengine huwanyima watoto maji ili wasisumbue kutaka kukojoa. Tafadhali tusifanye hivyo. Mombo na Same Desemba ni joto la kukausha mdomo, na mtoto huishiwa maji haraka kuliko sisi.

Anayenyonya, gari lisimame anyonye. Kumtoa kwenye kiti chake gari likiwa kwenye mwendo, hata kwa dakika tano, ni kuyafuta yote ya hatua ya pili. Na hata asipolia, mtoto mchanga atolewe kwenye kiti kila baada ya saa mbili anyooke. Akiwa amelala humo, mtazame kidevu chake mara kwa mara. Kikilala kifuani njia ya hewa inabanwa, kwa hiyo kiti kilazwe zaidi.

Hatua ya sita: njia yenyewe

Saa kumi na nusu watoto wanabebwa wakiwa na nguo za kulalia wanaingizwa kwenye viti vyao. Mnaokaa Tegeta, Bunju au Mbezi Beach piteni Bagamoyo mkatokee Msata. Mnaokaa upande wa Kimara na Ubungo, Barabara ya Morogoro hadi Chalinze ndiyo yenu, na saa hizo Kibaha mnaipita kukiwa bado kimya. Usizungumze nao, usiwashe redio. Saa mbili hizi za usingizi ni zawadi.

Kusimama kwa kwanza ni Chalinze au Msata, hata kama bado wamelala. Wakojoe, wanawe uso, wavae nguo za mchana, wale kipande cha mkate. Dakika ishirini na tano. Dereva anyooshe mgongo, atembee.

Kutoka hapo mnavuka Mto Wami kwenye daraja jipya, mnapita Mkata na Kabuku hadi Segera. Waonyesheni mto. Jua la asubuhi linapiga upande wa kulia wa gari kwa sababu mnaelekea kaskazini, basi khanga ya pazia iwe kwenye dirisha la nyuma la kulia, bila kuziba kioo cha pembeni cha dereva. Segera mnasimama tena, kwa ufupi. Baada ya Segera mtaona mashamba ya mkonge, mistari na mistari, na Milima ya Usambara inaanza kunyanyuka upande wa kulia.

Chakula cha mchana ni Korogwe au Mombo. Huu ndio mpumziko mkubwa, saa nzima. Tafuteni mahali penye kivuli na uwanja, si lazima pale mabasi yanaposhushia watu wote kwa pamoja, kwa sababu mtoto mdogo anapotea haraka kati ya abiria mia. Acha wakimbie. Mpira mdogo wa kupulizwa unatosha. Mtoto aliyekimbia nusu saa atalala, na usingizi huo ndio mnaoutaka kwa sababu kipande kinachofuata, Mkomazi, Hedaru, Makanya hadi Same, ni kirefu, kikavu, cha joto. Hapo wamelala, AC iko chini kiasi, pazia limehamia dirisha la kushoto jua linapoelekea magharibi.

Kwenye kila kituo, angalieni watoto wote wameshuka. Usimwache aliyelala ndani "dakika mbili tu" wakati unalipia chakula. Gari lililofungwa juani, nje kukiwa na nyuzi 30, ndani linapita 45 kabla saa haijaisha, na mwili wa mtoto hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Na wakishuka, washukie mlango wa kushoto, upande usio na magari. Ndiyo maana mdogo kuliko wote sisi humweka kushoto.

Same simameni tena, hata kama dereva anasema Moshi imekaribia. Hapo ndipo uchovu unapodanganya. Anayeendesha akianza kupiga miayo, kukosa gia au kukumbatia mstari wa kati, abadilishwe, au alale dakika ishirini kivulini. Baada ya Mwanga na Himo, kama mawingu yameondoka, Kilimanjaro itakuwa upande wa kulia. Aliyeuona kwanza apewe heshima yake.

Mtoto anayetapika

Hili lina sababu. Sikio la ndani linauambia ubongo kwamba mwili unakwenda, huku macho yaliyozama kwenye simu au kitabu yanasema mwili umetulia. Ubongo ukichanganyikiwa, tumbo linafuata. Watoto wa chini ya miaka miwili hawasumbuki sana. Kuanzia miwili hadi kumi na miwili ndio wenyewe hasa.

Dalili huja kabla. Kwa binti yangu ni ukimya. Anaacha kuimba, anapiga miayo mfululizo, mate yanamjaa mdomoni, midomo inapauka. Ukiona hivyo usimuulize maswali mengi. Fungua dirisha apate upepo, mpe kopo alishike, mwambie atazame mbali mbele kabisa, pale barabara inapokutana na mbingu. Mwambie dereva apunguze mwendo na atafute mahali papana pa kuegesha. Si kwenye kona, si kwenye mteremko. Akishuka, atembee taratibu, asukutue maji kidogo mdomoni ayateme, kisha anywe funda moja moja. Chakula kisubiri nusu saa.

Kuzuia ni bora. Anayetapika akae katikati nyuma, kama kiti chake kinafungika hapo, ili aone mbele. Simu kwake hapana, hata akililia. Tumbo lisiwe tupu wala lisijae. Chai ya tangawizi isiyo kali sana huwasaidia baadhi ya watoto. Marashi na manukato ya kuning'iniza kwenye kioo yatolewe garini siku mbili kabla. Dereva naye ana sehemu yake: kuovateki kwa kushtukiza na breki za ghafla zinatapisha kuliko kona. Dawa za kuzuia kichefuchefu zipo, lakini muulize mfamasia au daktari kwa umri wa mtoto wako, na ijaribiwe nyumbani kwanza. Promethazine, inayouzwa sana, haifai kwa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kumzuia kupumua.

"Mama, tumefika?"

Mtoto wa miaka minne hajui saa tano ni nini. Ukimwambia "bado kidogo" umemdanganya, naye anajua. Sisi tunatumia vibanio vya nguo. Vibanio kumi na viwili, kila kimoja kimeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito: Chalinze, Msata, Wami, Mkata, Segera, Korogwe, Mombo, Hedaru, Same, Mwanga, Himo, Moshi. Vinabanwa kwenye ukingo wa mfuko wa nyuma ya kiti cha mbele. Tukiupita mji, mtoto mmoja kwa zamu anakitoa kibanio chake na kukiweka kwenye kopo. Wa kati alikuwa hajui kusoma, lakini alijua vilivyobaki ni vingapi. Siku hizi yeye ndiye anayemsomea mdogo wake, na neno la kwanza alilolisoma peke yake maishani ni "Same".

Vitu vya kuchezea viwe vichache na visivyozoeleka. Mwezi mmoja kabla ficha vile wanavyovipenda, uvitoe kimoja baada ya kingine njiani, kila baada ya saa moja. Wakikaa macho, tega vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Kuku wangu katagia miibani." Nanasi. "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Kisha waache watunge vya kwao kwa wanachokiona dirishani. Hadithi nazo, "Paukwa!" "Pakawa!", aisimulie hata dereva, kwa sababu sauti ya baba huwatuliza, naye mwenyewe haisinzii njiani. Simu na tableti nimeziweka mwisho kwa makusudi: baada ya Same, kwa asiyetapika, katuni zikiwa zimeshapakuliwa kwa kuwa mtandao hukatika, sauti chini.

Wakigombana, usigeuke na kupiga. Weka begi katikati yao liwe mpaka. Wakiendelea kupiga kelele kiasi cha kumchanganya dereva, gari linasimama mahali salama na linabaki limesimama hadi kuwe kimya. Fanyeni hivyo kweli mara moja na hamtarudia mara nyingi. Mtoto mchanga anayelia bila kukoma hana ukaidi: kagua pampasi, joto, mkanda unaobana, njaa, kwa mpangilio huo.

Haja

Kila kituo kila mtoto anajaribu kukojoa, anataka hataki. Poti ya plastiki mkononi ni bora kuliko vyoo vingi vya njiani. Iwekwe kivulini nyuma ya mlango uliofunguliwa, khanga imezungushwa, mkojo ukamwagwe mbali na maji yaliyotulia. Ikibidi kusimama porini, egesheni nje kabisa ya lami, taa za tahadhari ziwashwe, na msiingie kwenye majani marefu, nyoka wapo. Wote wanawe kwa sabuni. Likitokea jambo kubwa, namba ya dharura ya polisi ni 112.

Kufika na kurudi

Pigeni simu Himo ili bibi aweke maji ya moto. Watoto wataamkia, ndiyo, lakini waombeeni radhi kwa wazee wasiwapokee kwa mikono kumi mara moja. Waogeshwe, wavae sweta maana Moshi na Marangu jioni zina ubaridi waliousahau, wale uji au mtori, walale. Kesho yake asubuhi osha makopo, rudisha vibanio kwenye kopo lao, kagua mikanda ya viti kama imeingia makombo kwenye kufuli.

Kurudi kuna mtego wake. Buti linarudi limejaa ndizi, maparachichi na mahindi, na kila mtu barabarani ana haraka ya kuwahi kazini baada ya mwaka mpya. Tunaondoka Moshi tarehe 29 au 30, tunapakia nguo za kubadilisha mwisho kabisa, na vibanio vinabanwa upya kuanzia Himo.